MTUMISHI ULIYESIMAMISHWA KAZI, HESABU SIKU ZAKO

Ndugu wafanya kazi,

Mimi ni mtu wa reli, na reli haifiki Garissa. Huenda mkauliza, mtu wa reli ana neno gani na watumishi wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera? Neno langu ni moja, nalo ni saa. Sisi wa reli twajua kuwa gari la moshi likiisha kupigiwa filimbi halimngojei mtu, hata akiwa na tikiti mkononi. Kesi ya mfanya kazi juu ya kaunti ni vivyo hivyo. Waweza kuwa na haki kamili, ukachelewa, ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Nalikwenda Garissa kumzuru ndugu yangu. Pale sokoni nikakutana na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori la maji katika afisi moja ya upande ule. Jina la afisi silitaji. Mwaka 2018 alisimamishwa kazi kwa neno la dizeli iliyopungua. Mwaka 2020 akapewa barua ya kuachishwa. Mzee huyu hakukaa bure. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakakaa maslaha. Alikwenda kwa mjumbe wa wadi, akaambiwa asubiri, jambo lake linaangaliwa. Akasubiri. Mwaka 2024 akampelekea wakili barua zake zote, amezihifadhi vizuri katika mfuko wa nailoni. Wakili hakuuliza habari za dizeli. Alisoma tarehe, akamrudishia barua zake.

Sasa tutazame sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 90 (katika chapa mpya ni kifungu cha 89), yasema kesi yo yote ya mkataba wa kazi ifunguliwe kabla ya kwisha miaka 3 tangu kitendo kinacholalamikiwa. Kama madhara ni ya kuendelea, basi ni miezi 12 tangu yalipokoma.

Kwa mtumishi wa kaunti kuna na muda mwingine, mfupi zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 77, yampa siku 90 tangu siku ya uamuzi apeleke rufani kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Na asidhani aweza kuiruka Tume na kwenda moja kwa moja kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi iliyotoka Wajir, ikasema lazima njia ya Tume ipitwe kwanza. Sheria ya Tume ya mwaka huo huo yasema hivyo pia.

Hapa ndipo penye mtego. Unaamriwa upitie Tume kwanza, lakini usidhani kwamba saa ya miaka 3 imesimama kukungoja. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya watumishi wawili wa Serikali walioachishwa kazi mwezi wa Oktoba 2010, wakafungua kesi mwezi wa Juni 2014. Majaji walisema muda ulianza siku walipopata barua za kuachishwa. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili: miaka 3 ilikuwa imepita. Na mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kusema kuwa jaji hana uwezo wa kuongeza muda huo, hata akimhurumia mlalamikaji.

Mimi sisemi muda usiwepo kabisa. Mashahidi hufa, mafaili hupotea, na fedha za kaunti ni kodi ya watu wote. Lakini tazameni jinsi mizani ilivyopinda. Mkubwa wa afisi aweza kumsimamisha mtu, akalikalia faili lake mwaka mzima na zaidi, na saa yake haionekani kwenda. Saa ya mfanya kazi inakwenda usiku na mchana. Inakwenda hata barabara ikikatika. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika ukaikata barabara ya Garissa na Nairobi. Makao ya Tume yako Nairobi. Je, siku zile ziliondolewa katika hesabu ya mtu ye yote?

Tena watu wa huko wana sababu ya kutoiamini korti. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia kesi juu ya mambo yaliyotendwa na watu wa Serikali huko Kaskazini Mashariki, tangu tarehe 25 Desemba 1963 hata tarehe 1 Desemba 1967. Mlango ule ulifungwa na wengine, na mwenye kudhulumiwa hakuwa na la kufanya. Mlango wa leo wafungwa na kalenda, na huo twaweza kuuwahi.

Kwa hiyo, ndugu, shika haya:

1. Ukiambiwa kwa mdomo kuwa umesimamishwa, taka barua. Ukiipata, andika juu yake tarehe uliyoipokea.

2. Peleka rufani yako ndani ya siku 90, na weka nakala iliyopigwa muhuri.

3. Maslaha ni jambo jema, usiyakatae. Lakini wazee wakae huku rufani imekwisha kwenda. Maslaha hayasimamishi saa.

4. Hesabu miaka 3 tangu barua ya kwanza, usihesabu tangu jibu la mwisho. Ukihesabu hivyo hutapotea. Mwone wakili mapema, mwaka wa tatu usikukute ungali unangoja jibu.

Na chama nacho kina kazi yake. Kila tawi liweke daftari la wanachama waliosimamishwa, na tarehe zao, na katibu alisome kila mwezi mkutanoni. Tena viongozi wetu walidai Bunge mambo mawili: saa ya miaka 3 isimame wakati rufani iko mbele ya Tume, na kusimamishwa kazi kuwe na mwisho uliowekwa na sheria. Ikiwa mfanya kazi ana kikomo, mwajiri naye awe nacho.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee wa Garissa angoja hata leo, lakini hana tena anachokingojea. Asiongezeke wa pili.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mtu wa Reli