Mpeni Mtoto Jani la Msasa Kabla ya Chaki

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee vidole. Ndiyo, vidole vya mtoto wa miaka minne au mitano, vile ambavyo tunavipiga kila siku kwa kelele za "usishike hicho!"

Hoja yangu ni fupi. Mtoto wa chekechea aanze kujifunza kwa kushika vitu na kuvipanga mafungu: hiki kinakwaruza, hiki kinateleza, hiki kigumu, hiki kinabonyea. Herufi zitamkuta njiani. Sisi tumegeuza, tunaanza na daftari halafu vidole tunavisahau kabisa.

Twendeni Mponde, kule Bumbuli, milima ya Usambara. Nimepachagua kwa sababu kule mkate wa watu wazima unategemea vidole. Wewe unayekunywa chai Sinza au Mikocheni unaijua kwa rangi na sukari. Mchumaji wa Mponde anaijua kwa kuigusa. Anatafuta majani mawili na chipukizi. Jani changa ni nyororo na kikonyo chake kinakatika bila kuvutana. Jani lililokomaa ni gumu, lina nyuzi, na likichanganywa na mengine linashusha ubora wa chai yote. Kiwandani majani yananyaushwa mpaka yanalegea, hata ukiyafumbata hayavunjiki. Yakishasagwa, yakachachuka na kukaushwa, yanakuwa chembe kavu zinazochekechwa kwa ukubwa na kupewa madaraja: BP1, PF1, kushuka mpaka vumbi.

Kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kikakaa miaka bila kufanya kazi, mashamba yaliyoachwa yalianza kugeuka miti. Ndivyo chai ilivyo, isipochumwa inapanda juu na majani yanakakamaa. Hakuna aliyehitaji mashine kujua kwamba jani lile halifai. Mkono ulitosha.

Sasa mtoto wa mchumaji huyo akifika darasa la awali, anakutana na nini? Mara nyingi ubao, fimbo ya kuonyeshea, na wimbo wa a, e, i, o, u. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, angalau mwaka mmoja. Hatua nzuri, naipongeza. Lakini kumwingiza mtoto darasani ni jambo moja, na anachokifanya akishaingia ni jambo jingine. Na tusiwasingizie walimu peke yao. Sisi wazazi wa mjini ndio vinara. Mtoto akirudi, swali la kwanza: "Leo umeandika nini?" Daftari likiwa jeupe, tunaanza kutafuta shule nyingine.

Hili ninalolisema si geni. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto pale San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, kwa ajili ya watoto wa mtaa wa maskini. Miongoni mwa vifaa vyake vilikuwamo vibao vyenye sehemu laini na sehemu ya kukwaruza, vipande vya vitambaa vya kulinganisha macho yakiwa yamefungwa, na herufi zilizokatwa kwa msasa ili kidole kipite juu yake kabla ya kalamu. Na Lushoto hawahitaji kuagiza wazo hili Ulaya, maana walimu wa Montessori wamefunzwa hapo hapo, Ubiri.

Halafu kuna Irente, jirani na Lushoto mjini, kwenye shule ya wasioona ya KKKT. Mwanafunzi asiyeona anasoma Braille, nukta sita kwa kila kisanduku, kwa ncha ya kidole. Hakuna anayeanza na nukta moja kwa moja. Lazima kidole kizoezwe kwanza kutofautisha kikubwa na kidogo, laini na chenye mikwaruzo. Kwa mtoto asiyeona tunakubali kwamba kidole ni mlango wa elimu. Anayeona amekosa nini hata tumfungie mlango huo?

Kuna suala la lugha pia. Tumelichosha neno "laini". Ugali laini, shati laini, sauti laini, barabara laini! Kiswahili kina nyororo, teketeke, tepetepe, chenga, kinachonata, kinachoparuza. Maneno haya hayashiki kichwani kwa kukaririshwa. Yanashika mkononi. Tena watoto wengi wa Mponde wanatoka nyumbani na Kishambaa. Mwacheni mtoto alitaje jani kwa Kishambaa kwanza huku amelishika, kisha mwalimu ampe neno la Kiswahili. Hapo neno jipya lina kitu cha kukalia.

Vifaa? Acheni visingizio. Vikapu viwili. Kipande cha gunia la katani, mkonge wenyewe unalimwa pale chini Korogwe. Kipande cha kanga. Jiwe la mtoni, gome la mkaratusi, ganda la parachichi, jani bichi la chai na jani kavu la mgomba. Na jani la msasa, mti ambao maseremala walisugulia mbao kwa majani yake. Mpe mtoto vitu sita, apange mwenyewe, kisha muulize kwa nini. Akiweka parachichi kwenye kikapu cha kukwaruza na mwenzake akabisha kwamba ndani ni laini, usiwakatishe. Hapo ndipo somo linapoanza. Wakizoea, wafungwe macho warudie.

Najua mtaniambia darasa lina watoto 70 na mwalimu mmoja. Kweli, ni mzigo. Lakini watoto kumi wakipanga vitu kwenye mkeka, wengine wakaimba au kuchora chini, bado ni nafuu kuliko 70 wanaosinzia mbele ya ubao. Tahadhari ni moja: kwa wadogo msitumie mbegu ndogo, maana safari ya mbegu mara nyingi inaishia puani.

Na mtu asije akanisingizia kwamba nawataka watoto wakachume chai. Hapana! Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kufanya kazi nyepesi. Kushika jani moja ili ujue jina lake ni shule. Kubeba kikapu cha majani mgongoni mpaka kituo cha kuuzia ni utumwa wa mtoto.

Kwa hiyo jioni ya leo badilisheni swali. Badala ya "umeandika nini?", muulizeni "umeshika nini?" Akikosa jibu siku tano mfululizo, nendeni mkaongee na mwalimu, kwa adabu, na kipande cha gunia mkononi.

Hayo ni yangu. Ninyi mnasemaje?