Mbingu za Ikweta Si Shamba Lisilo na Mwenyewe

Usiku wa leo inueni macho. Juu ya utosi wetu, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, umepita mduara mmoja wenye thamani kubwa. Setilaiti ikiwekwa hapo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, basi kwetu sisi huonekana imesimama tuli kama taa iliyotundikwa darini. Ndiyo maana dishi la televisheni likiisha kufungwa juu ya paa halina haja ya kugeuzwa tena.

Sasa sikilizeni. Mduara huo haupiti juu ya London, wala Moscow, wala Washington. Wapita juu ya ikweta peke yake. Na ikweta yapita wapi? Yapita Nanyuki, yapita Uganda, Kongo na Gabon. Ng'ambo ya bahari yapita Brazil, Colombia, Ecuador na Indonesia. Yapita kwetu, lakini waliotangulia kukaa huko juu si sisi. Marekani walisimamisha Syncom 3 mwaka 1964, na wakubwa wenzao wakafuata. Nafasi na masafa ya redio vina kikomo, kwa maana setilaiti zikisongamana husumbuana. Na sheria waliyoifuata ilikuwa moja: anayetangulia ndiye apataye.

Sheria hiyo twaijua! Ndiyo iliyosema ardhi ya Waafrika haina mwenyewe. Ndiyo iliyowapa masetla wa Kenya, kwa sheria ya 1915, mashamba kwa miaka 999.

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, nchi za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda, Zaire, Congo, Colombia, Ecuador na Indonesia, zilitangaza kwamba sehemu ya mduara iliyo juu ya nchi zao ni mali yao ya asili. Wakubwa wakajibu kwamba mkataba wa 1967 wakataza taifa lolote kumiliki anga za juu. Vema! Nasi twakubali kuwa mbingu ni ya wote. Lakini kisima cha kijiji nacho ni cha wote. Mwenye ndoo kumi akikizingira usiku kucha, asiye na ndoo atakunywa nini? Maneno yao ni mazuri, faida ni yao.

Wala kelele zile hazikupotea bure. Mwaka 1982 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilikutana Nairobi, likaandika katika mkataba wake kwamba mahitaji ya nchi zinazoendelea, na mahali zilipo nchi fulani, yaangaliwe. Mwaka 1988, huko Geneva, kila taifa likatengewa angalau nafasi moja. Hiyo haikuwa sadaka. Ilidaiwa.

Lakini tuseme kweli hata kama yauma. Haki iliyo kwenye karatasi hairushi roketi. Indonesia ilipotia saini Bogotá ilikuwa imekwisha kupeleka Palapa yake tangu Julai mwaka ule ule. Nigeria ilipeleka yake 2007, ikaharibika 2008, nao hawakukata tamaa. 2011 wakapeleka nyingine. Kenya na Uganda, zilizotia saini, bado hazina yao hata moja kwenye mduara huo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti iitwayo Uhuru. Haikuwa ya namna hii, ilichunguza nyota. Jina lilikuwa letu, roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Je, tutaridhika na kutoa jina tu?

Twadai mambo mawili. Viongozi wetu watuambie hadharani ni fedha ngapi twalipa kila mwaka kukodi setilaiti za wengine. Na nchi za Afrika Mashariki na Kongo ziungane, zisomeshe mafundi, ziweke moja iliyo yetu.

Mpangaji hapandi mwembe. Tusiwe wapangaji chini ya mbingu zetu wenyewe.