Range ya mtumba ama Prado? Pima hewa kabla utoe doo

Umeona Range Rover kubwa ya mtumba ikiuzwa bei ya Prado, na unajiona Desemba ukiingia ocha kijiji kizima kikitoka nje. Tulia kwanza, msee.

Bei imeshuka kwa sababu. Hiyo ndai haikalii springi za chuma, inakalia mifuko ya hewa. Ikiwa mpya ni tamu, inajiinua kwa matope na mawe. Lakini mpira huzeeka na kuvuja, kompresa inapiga kazi mpaka inaungua. Ikikuzimikia njia ya Maralal, fundi wa kumulika kompyuta yake yuko Nairobi.

Prado 150 nayo kila fundi anaijua, spea zimejaa. Ila chunga: TZ-G pia ina hewa nyuma. TX ina springi.

Bado roho iko kwa Range? Ipaki jioni, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kona zote 4. Rudi asubuhi. Kona imelala? Hewa inavuja, ondoka.

Ocha hawatakumbuka jina la gari. Watakumbuka kama ilimfikisha shosho hosi usiku.