Jangwa si Joto

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari jangwa ni nini, naye aghalabu atakujibu bila kusita kwamba jangwa ni nchi ya mchanga na joto kali. Jibu hilo nimelipa alama zote katika madaftari ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nia yangu katika makala hii ni kuwaeleza walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi, kwa nini sitalipa alama zote tena.

Mwezi wa Desemba, mwaka 2018, mimi na mke wangu pamoja na watoto wetu wawili tulikwenda kumtembelea dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa amehamia karibu na jiji la Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani. Yeye na mumewe walikuwa na miezi michache tu huko, na nchi ile walikuwa bado hawajaizoea. Siku moja shemeji alipendekeza twende kuitazama Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, iliyo upande wa mashariki wa jiji, mwendo wa kilomita zaidi ya 200 kwa gari, kisha turudi jioni. Hifadhi hiyo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 3,200. Ilianza kulindwa kisheria mwaka 1936, na mwaka 1994 ikapewa hadhi ya hifadhi ya taifa. Ndani yake yanakutana majangwa mawili: Mojave katika nchi ya juu, na Colorado katika nchi ya chini.

Kazi ya kuandika orodha ya vitu vya safari alipewa binti yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili. Aliandika hivi: maji lita 12, kofia pana 6, miwani ya jua, nguo nyepesi za pamba. Aliponiletea orodha hiyo niikague, nilimsifu kwa kukumbuka vyema masomo yake. Hapakuwa na sweta hata moja.

Tulipoondoka asubuhi, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 17 za sentigredi. Tulipita katika mwanya ulio kati ya milima miwili mirefu, San Gorgonio na San Jacinto, ambako mashine nyingi za kufua umeme kwa nguvu ya upepo zimesimama pande zote za barabara. Mashine hizo peke yake zilitosha kutuonya, lakini tuliziona kama mandhari tu. Baada ya hapo njia ilianza kupanda. Tulipofika penye majabali makubwa ya matale, ambapo wageni hupenda kutembea, kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 8. Mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, hakujali. Alikimbia huku na huko kati ya mawe hata fulana yake ikalowa jasho. Kisha tukapanda hadi Keys View, kilele kinachotazama bonde lote, chenye mwinuko wa meta 1,581 kutoka usawa wa bahari. Hapo nyuzi zilikuwa 6, na upepo ulivuma kwa nguvu hata ikawa vigumu kufungua mlango wa gari.

Mtoto alianza kutetemeka. Mama yake alimfunika kwa kanga, lakini kanga ni pamba nyepesi, na upepo ule uliipenya kama chandarua. Baada ya muda kutetemeka kulipungua, nasi tukadhani amepata nafuu. Kumbe sivyo. Alipotaka kusema, maneno yalimtoka kwa shida, kama ya mtu mwenye usingizi mzito. Mzee mmoja, mgeni kama sisi, alimwona akatukimbilia. Alituamuru tumwingize garini, tumvue fulana iliyolowa, wala tusimsugue mikono na miguu. Alitupa blanketi la sufu na kikombe cha maziwa ya moto yenye sukari kutoka katika chupa yake. Baada ya nusu saa hivi mtoto akarudia hali yake. Lita 12 za maji zilikuwa bado garini, karibu zote.

Tukiwa njiani kurudi, binti yangu aliniuliza kwa upole, "Baba, si ulitufundisha kwamba jangwa ni joto?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwa nini jangwa hupata baridi?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba jangwa halipimwi kwa joto bali kwa maji. Wataalamu wengi huita jangwa mahali panapopata mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka, au mahali ambapo maji yanayoweza kupotea kwa njia ya mvuke ni mengi kupita mvua inayonyesha. Katika ufafanuzi huo neno joto halimo. Ndiyo maana jangwa kubwa kuliko yote duniani ni bara la Antaktika, lenye kilomita za mraba zipatazo milioni 14, ambalo limefunikwa na barafu. Katika jangwa la Gobi, barani Asia, majira ya baridi yaweza kuleta nyuzi 40 chini ya sifuri.

Baridi iliyotupata sisi ilitokana na mambo manne, na kila moja limo katika mihtasari yetu ya sekondari. La kwanza ni mwinuko. Kwa wastani, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6.5 kila tunapopanda meta 1,000. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: tuliondoka karibu na usawa wa bahari penye nyuzi 17, tukapanda karibu meta 1,600. Kupungua ni kama nyuzi 10, na kinachobaki ni karibu nyuzi 7. Hesabu hiyo ya dakika moja ingetupa jibu kabla ya kuwasha gari.

La pili ni jua. Hifadhi ile iko kwenye latitudo ya nyuzi 34 Kaskazini. Mwishoni mwa Desemba, jua la saa sita mchana huko haliinuki zaidi ya nyuzi 33 hivi juu ya upeo wa macho, ilhali Dodoma siku hiyo hiyo huinuka zaidi ya nyuzi 70. Nguvu ya jua inayoangukia meta moja ya mraba ya ardhi tambarare huwa karibu nusu ya ile ya jua la utosini.

La tatu ni ukavu wenyewe. Mvuke wa maji na mawingu ni kama blanketi la dunia, kwani huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini lisipotelee angani. Katika jangwa blanketi hilo ni jembamba mno. Isitoshe, udongo mkavu hauhifadhi joto jingi kama udongo wenye maji. Kwa sababu hiyo joto la mchana huondoka upesi mara jua linapotua. Ukavu ule ule unaolifanya jangwa liwe tanuri wakati wa kiangazi ndio unaolifanya liwe baridi usiku na wakati wa kipupwe. Hapa ndipo mafundisho yangu ya zamani yalipokosea zaidi: nilitaja tokeo moja la ukavu nikaliacha la pili.

La nne ni upepo. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye joto, nao upepo huliondoa. Nyuzi 5 pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa huipoza ngozi kama nyuzi 1 chini ya sifuri katika hewa tulivu. Tukiongeza fulana iliyolowa jasho, hatari huwa kubwa zaidi. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37, na likishuka chini ya 35 akili na ulimi huanza kulegea. Kutetemeka kunapokoma kabla mtu hajapashwa joto, hiyo si nafuu bali ni dalili mbaya.

Baridi ile haikuwa ajabu hata kidogo kwa hifadhi yenyewe. Huko, katika majira ya baridi, wastani wa mchana ni kama nyuzi 15, usiku maji huganda, na mara nyingine theluji huanguka sehemu za juu. Mmea ulioipa hifadhi jina lake, uitwao mti wa Joshua, ni jamaa ya mkonge tunaoufahamu sana hapa kwetu. Wataalamu wanaamini kwamba baridi kali ya kipupwe huusaidia kutoa maua mengi. Mmea huo hustawi katika nchi ya juu yenye baridi, na kule chini penye joto zaidi haupo. Kwa hiyo kinachotambulisha jangwa lile machoni pa walimwengu ni mmea unaopenda baridi.

Yanatuhusu nini sisi?

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: jangwa la California lina faida gani kwa mwanafunzi wa Singida au Lindi? Nami namjibu kwamba hatuna haja ya kwenda mbali. Juu ya Kilimanjaro, kati ya meta 4,000 na 5,000 hivi, kuna ukanda ambao wataalamu huuita jangwa la milimani. Mvua huko ni haba, mimea ni michache, mchana jua huchoma ngozi na usiku maji huganda. Vijana wetu wengi hupita katika ukanda huo wakiwa wapagazi na waongozaji wa watalii. Kijana aliyefundishwa kwamba ukame maana yake ni joto atakwenda huko bila nguo za kumfaa. Hali kadhalika, mfugaji anayelala nje katika nyanda kavu mwezi wa Julai anajua vizuri jinsi usiku mkavu unavyouma. Inasikitisha kwamba mwanawe, aliye na ujuzi huo tangu utotoni, huuacha mlangoni mwa darasa ili aandike jibu la kitabuni apate alama.

Wengine watasema kwamba muda ni mfupi, mitihani iko karibu na vifaa hakuna. Hoja hiyo nakubali ina uzito. Lakini ninachopendekeza si maabara mpya. Kila shule na ipate kipimajoto kimoja, kitundikwe kivulini, na wanafunzi wakisome kwa zamu alfajiri na saa nane mchana, wakiandika pia kama mbingu zina mawingu au ni nyeupe. Baada ya miezi michache wataona wenyewe kwamba siku zisizo na mawingu ndizo zenye tofauti kubwa kati ya mchana na usiku. Wakishaliona hilo hawatahitaji kuambiwa kwamba jangwa lina baridi, kwa maana watalitambua wenyewe. Nasi walimu, tunapofundisha hali ya hewa ya mahali popote, tusitaje wastani peke yake. Tutaje kiwango cha juu na kiwango cha chini, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Wastani haujapata kumtetemesha mtu. Kinachomtetemesha ni kiwango cha chini.

Sayansi iliyokaririwa huwa nyepesi kubeba, lakini siku ya shida haifuniki mtu. Binti yangu hakukosea alipoandika orodha yake. Aliandika kwa usahihi kabisa yale niliyomfundisha, na kwa ajili hiyo mdogo wake nusura aangamie kwa baridi. Tangu siku ile, swali langu la kwanza ninapoanza mada ya majangwa si tena "Jangwa ni nini?" Nawauliza wanafunzi: "Mnakwenda jangwani kesho, mtachukua nini, na kwa sababu gani?" Atakayeandika maji na kofia peke yake nampa nusu ya alama. Nusu nyingine naiweka akiba mpaka atakapokumbuka sweta na kunieleza sababu yake.