Kuitwa Mkutanoni Si Kusikilizwa



Palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo raia aliyetaka kuitisha mkutano wa hadhara ilimbidi kwanza aende serikalini kuomba leseni, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Sheria hiyo ya leseni ilirekebishwa mwaka 1997, baada ya makanisa, mawakili, wanafunzi na akina mama kukataa kunyamaza, na baada ya damu ya wasio na hatia kumwagika barabarani. Leo mambo yamepinduka. Leo ni serikali ya kaunti inayofungwa na sheria kutuita sisi, ituulize tunataka fedha za umma zifanye nini. Mzee wa Mwanda, mama wa Mgange na kijana wa Voi wanaitwa mkutanoni kwa haki yao, wala si kwa hisani ya mtu.

Tunda hilo la mageuzi hatulidharau. Baadhi ya waliolipanda hawakuishi kulionja. Lakini kwa kuwa tunaijua bei iliyolipwa, hatuwezi kukubali kukabidhiwa ganda tukaambiwa ndilo tunda. Swali letu ni moja: je, kuitwa ni sawa na kusikilizwa? Sisi twasema si sawa. Serikali ya kaunti inayotaka kweli kuwajumuisha watu wake haipimwi kwa idadi ya mikutano iliyoitisha, bali kwa majibu iliyoyarudisha kwa watu.

MADAI HAYA HAYAKUANZA JANA

Watu wa kaunti hii hawakungoja katiba mpya ndipo wajue kudai haki. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasighau kwa nguvu hadi Malindi, wakiwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia ugenini. Mwaka 1939 ikaundwa Taita Hills Association, ambayo viongozi wake, miongoni mwao Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, walisimama kuitetea ardhi iliyokuwa ikitwaliwa na walowezi. Mkoloni alikipiga marufuku chama hicho mwaka 1940. Baada ya uhuru, katika Bunge la chama kimoja, Mashengu wa Mwachofi, mbunge wa Wundanyi aliyechaguliwa mwaka 1979, alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kusema ukweli, hata wakabandikwa kwa kejeli jina la "dada wenye ndevu".

Hawa wote hawakuwa wakiomba sadaka. Walidai kuwa na neno katika mambo yao wenyewe.

Hata baada ya kifungu cha 2A kuondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991 na vyama vingi kurudi, neno hilo lilibaki mbali. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalikuwa chini ya mkono wa waziri aliyeketi Nairobi. Diwani alipigiwa kura na watu wake, lakini makadirio ya fedha za baraza yalingoja idhini ya waziri huyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo sababu wanamageuzi hawakutosheka na vyama vingi peke yake. Walidai katiba iliyoushusha utawala karibu na mwananchi, wakaipata tarehe 27 Agosti 2010. Mwaka 2013 mabaraza ya zamani yakafa, na kaunti zikazaliwa.

SHERIA INASEMA NINI

Tunawasihi wasomaji wetu waijue sheria, maana asiyeijua haki yake hunyimwa akishukuru. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaeleza namna. Sehemu ya 87 inadai wananchi wapewe habari kwa wakati unaofaa. Sehemu ya 88 inampa raia haki ya kupeleka ombi rasmi kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Sehemu ya 89, ambayo wengi huiruka, inawapa maofisa wa kaunti wajibu wa kuyajibu maombi hayo upesi. Na sehemu ya 92 inamtaka gavana apeleke kila mwaka katika Bunge la Kaunti ripoti juu ya jinsi wananchi walivyoshirikishwa.

Kalenda nayo imewekwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayekuja kudai barabara mwezi wa Juni, bajeti ikiwa tayari inapitishwa, amelifika shamba wakati wa mavuno bila kupanda.

Mahakama zetu nazo zimesema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Tangazo dogo gazetini halikuonekana kutosha. Mahakama ilitaka juhudi ya kweli ya kuwafikia watu mahali walipo.

Hata hivyo, malalamiko yanayosikika katika kaunti nyingi za Kenya ni yale yale. Tangazo hufika jana yake. Kitabu cha bajeti ni kinene, tena ni cha Kiingereza. Wananchi husema, maneno yao huandikwa, majina yao huandikwa, kisha kimya. Mwaka unaofuata huitwa tena kusema yale yale. Hapo ndipo imani inapokufa, na watu wakiacha kuja, wachache wanaobaki huamua kwa niaba ya wote, kama zamani.

SOMO LA MWAKA 2019

Kaunti yetu imewahi kuuona ukingo wa shimo. Mwaka 2019 gavana wa wakati huo, Granton Samboja, na Bunge la Kaunti walikosana juu ya bajeti. Gavana akaanzisha harakati za kukusanya saini ili kaunti ivunjwe. Wawakilishi wadi nao wakapiga kura ya kumwondoa madarakani, na Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitishwa. Hatuandiki ili kumhukumu yeyote. Pande zote mbili zilisema zinamtetea mwananchi. Lakini tazameni mwananchi aliombwa nini katika ugomvi ule: saini. Sheria inataka saini za asilimia 10 ya wapiga kura ili ombi la kuivunja kaunti lisikilizwe. Hivyo raia alitafutwa nyumbani kwake ili aibomoe serikali. Sisi twasema ingelikuwa heri atafutwe kwa bidii iyo hiyo ilipokuwa ikipangwa bajeti yenyewe.

Majirani zetu wa Makueni walipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 2014 gavana wao na bunge lao waligombana hadi risasi zikalia, na tume ikapendekeza kaunti ivunjwe. Mwaka 2015 Rais alikataa. Gavana Kivutha Kibwana, ambaye mwaka 1997 alikuwa mstari wa mbele katika kudai mageuzi ya katiba, aliiongoza kaunti hiyo hadi mwaka 2022, na katika miaka hiyo Makueni ikajulikana nchini kote kwa jambo moja: mikutano ya bajeti iliyoanzia kijijini, ikapanda hadi wadi, kaunti ndogo na kaunti nzima, ikiwa na wajumbe waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kamati za wananchi zilipewa kazi ya kukagua miradi kabla mkandarasi hajalipwa. Hapo mwananchi hakuwa mgeni mwalikwa. Alikuwa mwenye mali akihesabu mali yake. Ardhi ya Makueni si tajiri kuliko yetu. Lililofanyika kule laweza kufanyika hapa.

WALIO NJE YA MLANGO

Tukisema "wananchi", tunasema nani? Kaunti hii ina wadi 20, na sehemu kubwa ya eneo lake, takriban asilimia 62, imo ndani ya mbuga za Tsavo. Watu wamesukumwa pembeni mwa mbuga, wengine juu milimani kama sisi wa Mwanda, wengine Kasighau, wengine mpakani Taveta. Mkutano mmoja makao makuu ya wadi haumfikii bibi kizee anayeshuka mlima kwa fimbo, wala mtu asiyeona, wala mama aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani. Kiziwi anayekaa katika kikao kisicho na mkalimani wa lugha ya ishara amehesabiwa tu kama kichwa.

Wapo pia wasiothubutu hata kuja. Kando ya mashamba makubwa ya mkonge kuna familia zilizoishi miaka mingi bila hati ya ardhi, zikiogopa kwamba kusema ni kujitafutia kufukuzwa. Taveta wapo Wapare ambao wazee wao walivuka kutoka upande wa Tanzania, na ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba wananyimwa vitambulisho. Ni kweli kwamba kitambulisho hutolewa na serikali ya kitaifa. Lakini Wamakonde waliotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 walitambuliwa kuwa Wakenya, na Wapemba wakafuata mwaka 2023. Serikali ya kaunti yaweza kuwabebea watu wake ombi kama hilo, na yaweza kuwasikiliza katika mikutano yake bila kumwuliza mtu kwanza kadi yake.

Nasi tujichunguze pia. Voi ni mji wa reli na barabara kuu. Watu wa kila kabila wamejenga humo na wanalipa ushuru humo. Sheria inadai kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika utumishi wa kaunti ziende kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa. Wapo watakaonung'unika kusikia hivyo. Lakini sisi tuliolia miaka mingi kwamba Nairobi imetusahau, tutasimamaje kumsahau jirani yetu? Haki inayoishia mlangoni kwa kabila letu si haki, ni zamu tu.

KANISA LINA KITI

Waumini wanaijua habari iliyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa jamii moja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwafokea wala hawakuwaita wachochezi. Walikusanya mkutano wote, wakaukiri upungufu, wakawaachia watu wachague wenyewe wasimamizi saba. Nung'uniko lilisikiwa, utaratibu ukabadilika, na kazi ikasonga mbele.

Sheria ya fedha ya mwaka 2012 imeweka katika kila kaunti Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Humo gavana na mawaziri wake wanapaswa kukaa pamoja na wawakilishi wa wanawake, wafanyakazi, wafanyabiashara, wataalamu, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini. Kiti cha dini kimo katika sheria. Kila parokia na kila usharika uulize: ni nani anayekikalia kwa niaba yetu, na alituletea habari gani mara ya mwisho? Kanisa lililofungua milango yake wakati wanamageuzi walipokuwa wakikimbizwa haliwezi leo kuogopa kufungua kitabu cha bajeti.

TUNAYODAI

Kwa heshima, na bila woga, tunaiomba serikali ya Kaunti ya Taita Taveta na Bunge lake:

1. Tangazo la kila mkutano wa bajeti litolewe angalau siku 14 kabla, makanisani, misikitini, masokoni na shuleni, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache unaotaja kila mradi wa wadi na fedha zake.

2. Mikutano ianzie vijijini, yenye wajumbe waliochaguliwa na watu, na mkalimani wa lugha ya ishara awepo mahali anapohitajika.

3. Baada ya bajeti kupitishwa, kila wadi irudishiwe jibu la maandishi: lililoombwa, lililokubaliwa, lililokataliwa, na sababu yake.

4. Ripoti ya gavana ya kila mwaka juu ya ushirikishwaji isomwe hadharani katika kila wadi.

Nanyi ndugu, msingoje. Andikeni maombi chini ya sehemu ya 88. Ombeni nyaraka chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayompa ofisa siku 21 za kujibu. Wekeni nakala, hesabuni siku, na jibu lisipokuja rudini ofisini, wawili wawili au kijiji kizima, kwa amani.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Basi twendeni tuwepo, sote, na yule asiyeweza kutembea tumbebe. Tukishakuwepo, tusiondoke hadi tujue lini jibu litakuja, na nani atakayelileta.