Tutenganishe Tambuu na Popoo

Ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, na nyinyi mliohamia mbali lakini kwenye harusi bado mnangoja sinia la tambuu lipite, nawaomba tuketi tuzungumze juu ya kinachokunjwa ndani ya lile jani.

Nilikulia ubavuni mwa nyanya yangu na kijaluba chake cha shaba. Kila baada ya chakula cha mchana alikifungua, akatoa jani, akalifuta kwa upindo wa leso, akalipaka chokaa kwa ncha ya kidole. Kisha akakata popoo vipande vyembamba kwa mkasi wake, akatia tumbaku kidogo, akalikunja na kulisukuma shavuni. Sisi wajukuu tulipewa jani tupu lenye hiliki na nazi iliyokunwa. Tulinung'unika sana, tukiona tumenyimwa kitu cha wakubwa. Kumbe tulipewa lililo jema.

Maana jani lenyewe lina sifa zake, na wazee hawakukosea kulisifu. Mtambuu ni jamaa ya mpilipili manga. Mafuta yake yana eugenoli, ileile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake, na ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino linalouma. Katika maabara, maji ya tambuu yameonyesha kuzuia bakteria wanaoozesha meno na kunukisha kinywa. Waganga wa India wa zamani waliagiza itafunwe baada ya kula, na huko Indonesia watu huchemsha majani wakasukutua. Najua kwamba kilichofanya kazi kwenye chupa ya maabara hakijawa bado dawa ya mgonjwa, na simwambii mtu aache vidonge vya hospitali kwa ajili ya jani. Nasema tu kwamba jani halina kosa la kushitakiwa.

Kosa liko kwenye popoo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitamka mwaka 1985 kwamba tambuu iliyokunjwa na popoo na tumbaku husababisha saratani. Wengi wakajipa moyo wakisema, basi tutaondoa tumbaku. Mwaka 2004 shirika hilohilo likachapisha hukumu ya pili: hata bila tumbaku inasababisha, na popoo peke yake pia inasababisha. Imewekwa daraja moja na sigara. Mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mdomo, na inakadiriwa kwamba zaidi ya 120,000 kati yao waliipata kwa sababu ya popoo na tumbaku isiyovutwa.

Kabla ya saratani huweza kuja ugonjwa mwingine ambao kwetu hauna hata jina. Ami yangu aliupata. Alianza kwa kulalamika kwamba mchuzi wa pilipili unamchoma, yeye aliyekuwa akitafuna pilipili mbichi kama tango. Tukasema ni uzee. Baadaye mashavu yake yakawa magumu kwa ndani, meupe kama ngozi ya ngoma, na mdomo ukaanza kufunga. Mwisho hakuweza kuingiza kijiko cha wali; alilishwa uji kwa mrija. Arekolini iliyomo kwenye popoo huufanya mwili utengeneze nyuzi ngumu chini ya ngozi laini ya kinywa, na chokaa huichubua ngozi hiyo. Nyuzi zikishajifunga, hakuna dawa ya kuzifungua zikarudi zilivyokuwa.

Arekolini hiyohiyo ndiyo inayochangamsha na kumrudisha mtu kijalubani. Lugha yetu ililijua hili zamani. Neno uraibu, tunalolitumia leo kwa bangi na heroini, kwa wazee wetu lilikuwa jina la tambuu na popoo na chokaa na tumbaku kwa pamoja. Hatuhitaji mgeni aje kutueleza kwamba kitu hiki kinashika mtu.

Wapo watakaosema naupiga vita utamaduni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa majani ya tambuu na popoo, kwa hiyo naijua heshima yake ilikotoka. Heshima hiyo naitaka ibaki. Lakini nyanya yangu alitafuna mara mbili tatu kwa siku, kwa wakati wake, akiwa mtu mzima. Leo popoo iliyokaushwa na kutiwa rangi na sukari inauzwa kwenye vipakiti dukani, karibu na peremende, na mtoto wa darasa la nne anainunua akielekea madrasa. Nchini Kenya, sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Popoo si tumbaku, basi inapita mlangoni huku tukiitazama.

Hapo ndipo nawaita. Wenye maduka, ondoeni vipakiti hivyo mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na mkatae kumuuzia hata akija na salamu za mama yake. Wakunja tambuu wa mjini, nyinyi mna ufundi: tieni hiliki, shamari, nazi, gulkandi, na mteja akiomba popoo mwambieni inafanya nini. Mama na shangazi zetu wanaosimamia harusi, sinia lipite kama kawaida, lakini lipite bila popoo, na mjamzito asipewe akidanganywa kwamba inakata kichefuchefu, kwa sababu watoto wa akina mama wanaotafuna popoo huweza kuzaliwa na uzito mdogo. Maimamu, dakika tano za darsa zinatosha. Na wawakilishi wetu katika kaunti na Baraza la Wawakilishi, tuwaandikie, tuwafuate, mpaka popoo iwekewe umri wa kununuliwa kama ilivyowekewa sigara.

Na usiku huu, kabla hamjalala, kila nyumba yenye mtu anayetafuna ifanye jambo moja. Mwambieni afungue kinywa na ajaribu kupitisha vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya juu na ya chini. Mtazame na mashavu kwa ndani, kama kuna baka jeupe, jekundu, au kidonda kilichokaa zaidi ya wiki mbili. Vidole visipopita, au mkiona baka, mpelekeni kwa daktari wa meno wiki hii hii, hata kama hasikii maumivu yoyote.