Albamu za ajabu unazotafuta zimetoka huku kwetu

Kama wewe ni wa kukesha ukichimba mtandaoni, bando ikiwa karibu kuisha, ukitafuta albamu ambayo hakuna mtu mwingine Oyugis ameisikia, haya ni yako. Najua unachofuata. Gitaa linalozunguka hadi kichwa kinapaa, mtu anayeimba kama yuko ndotoni, mashine zinakoroma nyuma yake. Folku ya saikedeliki, elektroniki ya majaribio, kazi za watu wasio na lebo kubwa wala video. Maboi wa stage watakuuliza hiyo kelele ni ya nini. Wacha waulize. Mimi nina swali lingine: ushawahi kumsikia Ogoya Nengo?

Ogoya Nengo ni mama wa Siaya, mwimbaji wa dodo, zile nyimbo za akina mama wa Kiluo. Mwaka wa 2014 lebo ya Honest Jon's ya London ilitoa albamu yake na kikundi chake, inaitwa Rang'ala. Waliorekodi ni wanamuziki wawili wa elektroniki kutoka Ujerumani, Sven Kacirek na Stefan Schneider. Ni sauti na midundo tu, na bado inakupeleka mbali kuliko kinanda chochote cha umeme.

Kacirek huyo huyo akaungana na Olith Ratego, Mluo anayeimba dodo kwa njia yake. Wakajiita Odd Okoddo, na mwaka wa 2019 wakatoa Auma kupitia Pingipung, lebo ndogo ya Ujerumani. Kabla yao kulikuwa na Owiny Sigoma Band: vijana wa London pamoja na Joseph Nyamungu kwenye nyatiti na Charles Owoko kwenye ngoma. Walitoa albamu mwaka wa 2011, wakarudi na nyingine 2013, halafu 2015 wakatoa moja inayoitwa Nyanza. Nyanza, ndugu yangu! Pita sokoni Oyugis siku ya soko uulize ni wangapi wanaijua.

Kwa nini hatuzijui? Nenda kibanda chochote cha kuwekewa nyimbo. Unatoa flashi, unalipa, unarudi nyumbani na ohangla, benga na rumba za kukutosha mwezi mzima. Sasa fungua uone majina ya faili. Track 01. Track 02. Mix ya DJ fulani. Aliyeimba ni nani? Nani amepiga nyatiti? Ni ya mwaka gani? Hakuna. Ngoma isiyo na jina huwezi kuitafuta tena, huwezi kumlipa mwenyewe, na siku akifa hata hutajua kama amekufa.

Tunapenda kusema albamu fulani imefichika kwa sababu ni ya ajabu, watu hawaielewi. Mimi naona hufichika kwa sababu hakuna aliyeandika jina mahali tunapoweza kulipata.

Angalia Kericho, mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka hapa. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaojulikana kama Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini. Wao wakamgeuza kiumbe, nusu mtu nusu swara. Ukitaka folku ya saikedeliki, ndiyo hiyo, na neno saikedeliki lenyewe lilikuwa halijabuniwa. Rekodi ikaishia kwenye maktaba ya muziki ya ILAM, Afrika Kusini. Ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya nakala kurudishwa kwa wenyewe.

Najua kuna mtu atasema, ah, wazungu wametubeba tena. Swali la haki ni halali, na uliulize kila mara: nani analipwa, na jina la nani liko kwenye jalada? Lakini tusijifanye. Rang'ala ina jina la mama huyo mbele kabisa. Flashi yako ina nini? Na si wageni peke yao wanaofanya hii kazi. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka wa 2008, muziki pamoja na maelezo ya nani alifanya nini.

Halafu hebu sikiliza nyatiti yenyewe kwa masikio mapya. Nyuzi nane. Mpigaji amekaa kwenye kigoda kifupi, ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogonga nayo ubao, na njuga mguuni. Vipande vya matete kwenye daraja la nyuzi vinaupa mlio ule mkwaruzo wake. Wapiga gitaa hununua kifaa cha umeme ili wapate mkwaruzo kama huo. Mzee mmoja ana melodi, besi, ngoma na mkwaruzo bila kuchomeka waya popote.

Na usidhani hii ni kazi ya kuabudu ya zamani. KMRU wa Nairobi hurekodi sauti za mazingira akazigeuza muziki. Peel, ya 2020, ilitolewa na Editions Mego. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikuyu, na ndiye amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni. Kule Gulu, kwa Waacholi, ndugu zetu wa lugha, Otim Alpha alichukua larakaraka ya harusi akaiingiza kwenye kompyuta. Gulu City Anthems ilitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukijua Dholuo, utashika neno moja moja.

Hii haihitaji digrii. Mimi niliacha chuo na bado nachimba. Anza na Bandcamp, ambako mara nyingi unasikiliza kwanza kabla ya kununua. Soma nani alipiga nini, chukua jina moja, lifuate hadi albamu nyingine. Santuri ya kuagizwa ng'ambo inaweza kukumalizia pesa ya kodi, kwa hivyo nunua faili, hata moja tu, pale ambapo pesa inamfikia msanii.

Kisha matanga yajayo, kabla disko haijawashwa, mzee akiketi na nyatiti au orutu yake, mwombe ruhusa umrekodi na simu. Muulize jina lake, kijiji chake, nani alimfundisha. Ipe faili jina hilo pamoja na tarehe, na umpelekee nakala. Hapo utakuwa na rekodi ambayo hakuna lebo yoyote London wala Berlin iko nayo.

Mzee wa nyatiti wa kijiji chenu anaitwa nani? Kama hujui, anza kuuliza leo.